Mkate, ng'ombe na viganja viwili: maneno ya ubwana katika Ulaya ya kale

Oktoba 1157, mjini Besançon, tafsiri ya neno moja nusura imtoe roho mjumbe wa Papa.

Kaisari Frederick Barbarossa amekaa na wakuu wake wa Kijerumani. Mbele yao wamesimama makardinali wawili waliotumwa na Papa Adrian IV, wameleta barua. Papa analalamika: Askofu Mkuu Eskil wa Lund alikamatwa njiani akitoka Roma, ndani ya himaya ya Kaisari, na Kaisari amenyamaza kama hakuna kilichotokea. Katikati ya lawama hizo Papa anamkumbusha kwamba taji la ukaisari amevikwa na Kanisa la Roma, na kwamba yeye Papa asingejuta hata kama angekuwa amempa "beneficia" kubwa kuliko hizo. Barua iko katika Kilatini, na wengi wa wale wakuu ni watu wa farasi na upanga, si watu wa vitabu. Anayewatafsiria ni Rainald wa Dassel, chansela wa Kaisari, msomi mjanja ambaye hakuwa na mapenzi makubwa na Roma.

Katika Kilatini cha kanisani "beneficium" ni wema, hisani, fadhila. Katika Kilatini cha makarani wa ardhi ni jambo jingine kabisa: ni shamba, kijiji au hata jimbo zima ambalo bwana humpa mtu wake alitumie kwa sharti la kumtumikia. Wajerumani walikuwa na neno lao la kitu hicho, "Lehen". Rainald akachagua maana ya pili. Ghafla ikawa Papa amesema kwamba himaya yote ni mali yake, na Frederick ameazimwa tu.

Ukumbi ukachafuka. Mmoja wa wajumbe, badala ya kutuliza mambo, akauliza: kama Kaisari hakuipata himaya kwa Papa, basi kaipata kwa nani? Otto wa Wittelsbach akataka kumshukia kwa upanga. Frederick mwenyewe ndiye aliyeingilia kati, na wajumbe wakaamriwa kuondoka asubuhi na mapema, warudi Roma moja kwa moja, wasipite kwa askofu wala abate yeyote njiani.

Mwaka uliofuata Papa aliandika barua nyingine, safari hii kama mwalimu wa sarufi. "Beneficium", alieleza, limetokana na "bonum" na "factum", yaani jema na tendo. Alikusudia tendo jema, wala hakukusudia "feudum", jina jingine la ile ardhi ya kutumikia. Kaisari akakubali yaishe. Lakini Wajerumani hawakuwa wamechukia bure. Katika jumba la Lateran, Roma, palikuwa na mchoro wa Kaisari Lothair akipokea taji kwa Papa, na maandishi ya kishairi yakisema kwamba mfalme huyo, baada ya kuapa, "homo fit papae": anakuwa mtu wa Papa.

Mtu wa Papa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Tunasema "yule ni mtu wa Mzee" na kila aliyeko barazani anaelewa kwamba hazungumziwi mtumwa wala mwajiriwa wala ndugu. Kuna kitu kati ya wawili hao, kuna kupeana na kulindana, na siku ya siku kila mmoja atajulikana yuko upande gani.

Neno hilo mimi nilichelewa kuliona. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi yanayopita chini ya picha kwenye tamthilia za kigeni, na niliwahi kupewa moja ya mashujaa wa farasi na ngome, ambamo "vassal", yaani mtu aliyejifunga kwa kiapo kumtumikia bwana, lilikuwa likitajwa karibu kila baada ya dakika tano. Nikaandika "kibaraka". Nikafuta, kwa kuwa kibaraka ni tusi, na yule jamaa kwenye picha alikuwa anajisifia. Nikaandika "mtumwa". Nikafuta, kwa kuwa mtumwa hana ngome yake na askari mia. "Mtumishi" lilimfanya aonekane mpishi. "Mwaminifu" lilimfanya aonekane muumini. Nilipoanza kufuatilia neno lenyewe lilikotoka ndipo nikagundua kwamba Wazungu wenyewe hawakuwahi kukubaliana, na kwamba kila lugha ilikuwa imeokota neno lake jikoni, zizini au barazani kwa wazee.

Tuanze na "vassal", maana historia yake ni ya kupanda na kushuka. Asili yake ni Kikelti, lugha za watu waliokuwa Ulaya ya magharibi kabla ya Warumi kuitawala. Kiwelisi cha leo bado kina "gwas", kijana au mtumishi. Kwa lugha ya mitaa yetu ya zamani tungesema "boi", kwa maana ile ile ya kijana wa kazi za nyumbani. Katika sheria za kale za Wafaranki, watu wa asili ya Kijerumani waliotwaa Ufaransa ya leo baada ya Warumi, "vassus" anatajwa miongoni mwa watumwa. Karne ya 8 neno limeshavaa joho. Kumbukumbu za kifalme za Wafaranki zinasema kwamba mwaka 757, huko Compiègne, Tassilo, mtawala wa Bavaria, aliingia katika uvasali wa Mfalme Pippin kwa kuweka mikono yake katika mikono ya mfalme. Kumbukumbu hizo ziliandikwa baadaye na watu wenye nia ya kumwonyesha Tassilo kuwa msaliti, kwa hiyo zisomwe kwa jicho moja wazi. Hata hivyo waandishi hawakuona ajabu kumwita mtawala wa nchi nzima kwa neno lililokuwa la boi.

Karne tatu hivi mbele, katika tenzi za kishujaa za Kifaransa cha kale, "vassal" ni sifa: shujaa, mwanamume wa kweli. "Vasselage" ni ushujaa wenyewe. Lakini udogo wa neno haukufa. Wafaransa walilitia kiambishi cha kupunguza wakapata "vaslet", kijana mdogo wa kwenye nyumba ya bwana, na huyo ndiye "valet" wa leo anayepiga pasi suti za matajiri na kuegesha magari hotelini. Ukishika karata za Kifaransa, ile picha tuliyozoea kuiona na herufi J utaikuta na herufi V. Ni huyo huyo valet.

Maneno mengine ya aina hiyo yamecheza bembea. Kiingereza cha kale kilikuwa na "cniht", mvulana, mtumishi. Akapanda hadi kuwa "knight", shujaa wa farasi anayepigiwa magoti. Ndugu yake wa Ujerumani, "Knecht", alibaki shambani: hadi leo ni kibarua wa mkulima, na Wajerumani kwa ajili ya shujaa wa farasi walitumia neno jingine, "Ritter", mpanda farasi, sawa na "chevalier" ya Kifaransa. "Marshal", cheo ambacho leo tunakisikia kwa majemadari wakubwa, ni maneno mawili ya Kijerumani cha kale: farasi na mtumishi. Mchunga farasi wa mfalme. Aliyelala karibu na bwana, hata akiwa zizini, ndiye aliyepanda.

Upande wa bwana, lugha zimegawanyika kwa namna inayopendeza. Waroma walikuwa na "dominus", mwenye "domus", mwenye nyumba. Kwenye Kilatini cha mitaani neno jingine likaanza kushindana nalo: "senior", yaani aliye mkubwa kwa umri. Kwa maneno mengine, mzee. Kutoka hapo wakazaliwa "seigneur" na "sire" wa Wafaransa, "signore" wa Waitaliano, "señor" wa Wahispania, "senhor" wa Wareno, "sir" wa Waingereza, na hata "monsieur", ambaye ni "mzee wangu" aliyebanwa pua. Wajerumani, kwa kufuata mfano huo huo, walichukua "hēr", mwenye mvi au mwenye kuheshimika, wakamwongezea daraja, akawa "Herr". Kwa hiyo kila anayeandika barua ya kiofisi Berlin au Madrid leo anamwanza mwenzake kwa jambo ambalo sisi hulitamka kila asubuhi bila kufikiri: shikamoo mzee.

Waingereza ndio waliokwenda jikoni. "Lord" ni kifupi cha "hlāfweard", mlinzi wa mkate. Mkewe, "lady", ni "hlǣfdige", mkandaji wa unga. Na anayemtegemea ni "hlāfǣta", mla mkate. Huyu wa mwisho anaonekana katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7: anayemuua mla mkate wa mtu huru atalipa shilingi 6. Sheria nzima ya ubwana imo katika maneno matatu. Yupo anayeweka mkate chini ya kufuli, yupo anayeukanda, yupo anayekula, na akiuawa anayekula, anayelipwa ni mwenye mkate. Baada ya miaka 1,400 ya kusagwa na ndimi za watu, hakuna Mwingereza anayesikia mkate katika "House of Lords", kama ambavyo wengi wetu hatusikii tena "abuna", baba yetu, neno la Kiarabu ambalo wengi huliona kuwa ndilo lililozaa "bwana".

Na sasa ardhi, ambako ndiko ugomvi wa Besançon ulikotokea.

Neno lililoshinda mwishoni, "feudum", ambalo limezaa "fief" ya Kifaransa na "feudo" ya Kiitaliano na Kihispania, linaonekana kutoka Kijerumani cha kale "fehu", ng'ombe au mifugo. Kijerumani cha sasa kina "Vieh", mifugo, neno hilo hilo. Katika jamii isiyo na sarafu nyingi, ng'ombe ndio mali, na mali ndio malipo. Mmasai au Msukuma hahitaji kuelezwa mara mbili. Neno likahama kutoka mnyama hadi mali yoyote ya thamani anayopewa mtu kwa utumishi wake, na kutoka hapo hadi ardhi. Tawi la Kiingereza, "fee", lilirudi kwenye pesa: ni ile ada unayomlipa daktari au wakili, huku wanasheria wa ardhi wa Kiingereza wakiendelea kulitumia kwa maana ya zamani.

Wajerumani hawakutaka ng'ombe. "Lehen" linatokana na "leihen", kuazima. Waholanzi wanasema "leen", Wapolandi waliazima neno la kuazima wakalifanya "lenno", na Waswidi wana "län", ambalo leo ni jina tu la mkoa. Uswidi ina 21. Mswidi anayeandika anwani yake kwenye fomu ya serikali anasema anaishi katika mkopo fulani. Kwa Kijerumani cha sasa mkopo wa benki ni "Darlehen". Tofauti hii si ya maneno tu. Anayesikia ng'ombe anasikia kitu ulichopewa. Anayesikia mkopo anasikia kitu utakachorudisha. Na anayesikia "beneficium" anasikia fadhila, kitu cha kushukuru. Wote watatu wamesimama kwenye shamba moja na kila mmoja ana kesi yake mfukoni. Rainald wa Dassel alijua hilo vizuri kabisa, na ndiyo maana siamini kwamba tafsiri yake ilikuwa ya kuteleza ulimi.

Tuingie ukumbini tuone inavyofanyika. Machi 1127 Charles, mtawala wa Flanders, aliuawa kanisani mjini Bruges akiwa katika sala. Mwezi uliofuata akaja mtawala mpya, William Clito, na wakubwa wa nchi wakaja mmoja mmoja kujifungamanisha naye. Karani wa mji aitwaye Galbert alikuwapo na aliandika kila hatua. Mtawala anamuuliza mtu: je, unataka kuwa mtu wangu kikamilifu? Anajibu: nataka. Anaunganisha viganja vyake, na mtawala anavifunika kwa viganja vyake mwenyewe. Wanabusiana. Kisha yule mtu anatamka kwa maneno kwamba atakuwa mwaminifu kwake na kumlindia ahadi hiyo dhidi ya watu wote, kwa nia njema na bila hila. Kisha anaapa tena, safari hii juu ya mabaki ya watakatifu. Mwisho mtawala, akiwa na kijiti mkononi, anawapa wote waliofanya hivyo milki zao.

Hatua hizo zina majina, na tafsiri nyingi huzichanganya. Ile ya viganja ni "homagium", kwa Kifaransa "hommage", kutoka "homo", mtu: kujifanya mtu wa fulani. Ile ya kiapo ni "fidelitas", uaminifu, ambayo Waingereza waliifanya "fealty". Ile ya kijiti ni "investitura", kutoka "vestire", kuvisha nguo. Wajerumani kwa hatua ya kwanza walikuwa na "Mannschaft", yaani hali ya kuwa mtu wa bwana, na pia kundi lote la watu wake. Neno hilo bado liko kazini: ndilo timu, na kwa miaka mingi limekuwa jina la utani la timu ya taifa ya soka ya Ujerumani. Msomaji wa pwani huenda akakumbuka bai'a, kiapo cha kumpa kiongozi mkono. Kuna kufanana, ila kwenye bai'a mkono unakutana na mkono. Bruges, viganja vya mmoja vinazama ndani ya vya mwingine, na hapo hakuna wa kuuliza nani yuko juu.

Nani alikuwa analazimika kwa nani? Wote wawili, na hilo ndilo linalopotea ukiandika "mtumwa". Bwana akishindwa kulinda au kutenda haki, mtu wake ana haki ya kumwacha. Haikuchukua mwaka mmoja kabla miji ya Flanders haijamgeuka William Clito kwa hoja kwamba amevunja ahadi, na Julai 1128 alikufa kwa jeraha la vita akiwa bado anaipigania nchi. Uhispania mambo yalikuwa mepesi zaidi. Castilla, mtu alijifunga kwa bwana kwa kumbusu mkono, na alijifungua kwa kumbusu mkono mara ya pili na kuaga. "Vasallo" wa Castilla hakulazimika kuwa na ardhi. Wengi walilipwa fedha. Tena palikuwa na vijiji vilivyoitwa "behetría", ambavyo wakazi wake walikuwa na haki ya kujichagulia bwana, na ilisemwa kwamba wanaweza kumbadili mara saba kwa siku. Neno hilo, behetría, ni "benefactoria" lililochakaa. Ni ukoo mmoja na ile beneficium iliyotaka kumuua kardinali, na hapa linamaanisha karibu kinyume chake.

Ugumu ulianza pale mtu mmoja alipokuwa na mabwana wengi. Milki zilirithiwa, zikaolewa, zikanunuliwa, na baada ya vizazi viwili mtu alijikuta na mashamba kwa mabwana watano. Wakipigana, yeye anapigana upande gani? Jibu la wanasheria lilikuwa "homo ligius", mtu wa bwana mmoja kuliko wengine wote. Neno "ligius" limewagawa wanaisimu: wako wanaolitoa kwenye "ligare" ya Kilatini, kufunga, na wako wanaolitoa kwenye neno la Kijerumani lililozaa "ledig", aliye huru, ambalo leo Mjerumani hulijaza kwenye fomu kama hajaoa. Ama mtu aliyefungwa kabisa, ama mtu asiye na mwingine.

Suluhisho lenyewe halikudumu, kwani watu walianza kuwa "ligius" wa mabwana wawili au watatu. Kuna hati ya karne ya 13 ya mtu aitwaye John wa Toul ambayo huisoma kila ninapohitaji kucheka. Anatangaza kuwa ni mtu kamili wa bibi mtawala wa Champagne na mwanawe Theobald dhidi ya kiumbe yeyote, isipokuwa tu wajibu wake kwa bwana wa Coucy, kwa John wa Arcis na kwa mtawala wa Grandpré. Na ikitokea huyo wa Grandpré akapigana na Champagne kwa ugomvi wake mwenyewe, basi yeye John atakwenda binafsi kumsaidia Grandpré, na Champagne atawapelekea askari anaodaiwa kwa ajili ya shamba lao. Mwili upande huu, askari upande ule. Na hakuna aliyemwona mnafiki. Ameweka kila kitu kwenye maandishi.

Wafalme nao walinaswa. Mfalme wa Uingereza alikuwa na ardhi kubwa kusini-magharibi mwa Ufaransa, na kwa ajili ya ardhi hiyo alikuwa mtu wa mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1329 Edward III alikwenda Amiens akaweka mikono yake katika mikono ya Philip VI, lakini akakwepa kusema kama ni "hommage lige" au ya kawaida tu. Miaka miwili ya barua na wajumbe ikafuata kuhusu neno hilo moja, hadi 1331 alipokiri kwa maandishi kwamba ni "lige". Mwaka 1337 Philip alimnyang'anya ardhi hiyo kwa hoja kwamba amekiuka wajibu wake, na vita vilivyoanza hapo ndivyo vinavyoitwa Vita vya Miaka Mia.

Mashariki kuna sura nyingine. Wapolandi walichukua neno "hołd", lao la "hommage", kutoka Kijerumani, na tarehe 10 Aprili 1525, uwanjani Kraków, Albert wa Hohenzollern alipiga magoti mbele ya Mfalme Sigismund I ili apewe Prussia kwa mtindo ambao mtu wa Bruges angeutambua. Urusi hakuna kupeana mikono wala mkataba wa pande mbili. Kulikuwa na "votchina", ardhi ya urithi, neno linalotokana na baba, na "pomestye", ardhi ya kutumikia. Kwa mbali pomestye inafanana na Lehen. Lakini tazama saini. Mkubwa wa Kifaransa alijiita "mtu" wa mfalme na kusisitiza kwamba ni mtu huru. Mkubwa wa Moscow wa karne ya 16, akimwandikia mtawala wake, alijiita "kholop", mtumwa, na jina lake alilifupisha kama la mtoto. Ukitafsiri wote wawili kwa neno moja umeua jambo lenyewe.

Wakulima nimewaacha makusudi, kwani hawamo katika maneno haya. Yule mchoro wa vitabu vya shule, piramidi yenye mfalme kileleni na mkulima chini, unatufanya tudhani mkulima ni vasali wa daraja la mwisho. Hakuwa. Viganja vya "hommage" vilikuwa vya watu wa silaha na wenye vyeo. Mkulima alikuwa "serf", kutoka "servus", mtumwa wa Kiroma, au "villanus", mtu wa shamba kubwa. Huyu wa pili amekuwa "villain" wa Kiingereza, yaani yule mbaya kwenye sinema. Mabwana waliachiwa "nobility" na maana ya uungwana. Aliyelima akaachiwa jina la jambazi.

Piramidi yenyewe ilichorwa baadaye. Wanasheria wa kaskazini mwa Italia, karne ya 12, walikusanya kanuni za milki hizi katika kitabu kimoja kilichoitwa Libri Feudorum, kikaunganishwa na sheria za Kiroma zilizokuwa zikifundishwa Bologna, na tangu hapo kila mwanafunzi wa sheria Ulaya alidhani nchi yake iliwahi kuendeshwa hivyo. Jina la mfumo mzima, "féodalité", lilipata nguvu wakati ambapo wengi walikuwa wanataka kuuondoa: Agosti 1789 Bunge la Mapinduzi la Ufaransa lilitangaza kuufuta kabisa "utawala wa kifeudali", nalo likatia humo ushuru wa kila namna ambao Galbert asingeujua. Mwaka 1974 mwanahistoria wa Marekani, Elizabeth Brown, aliwaambia wenzake waache kulitumia neno hilo, na miaka 20 baadaye Susan Reynolds wa Uingereza alionyesha kwa ushahidi mrefu kwamba karibu kila tulichofundishwa kuhusu milki na vasali ni miwani ya wanasheria hao. Wenzao wengi walikubali, kisha wakaendelea kulitumia. Uskoti, kwa upande wake, haikujali mjadala: ilifuta rasmi umiliki wa ardhi wa kifeudali tarehe 28 Novemba 2004.

Kiswahili kilipata neno lake kwa mlango wa siasa. "Ukabaila", lililomo katika Azimio la Arusha la 1967 likiwa bega kwa bega na ubepari, linatokana na Kiarabu "qabila", ukoo au kabila. Kabaila ni mtu wa ukoo mkubwa. "Umwinyi", ambalo nalo hutumika, linatokana na mwinyi, yaani mwenye. Hakuna mkate humo, hakuna ng'ombe, hakuna viganja. Ukabaila unasema nani amezaliwa na nani. Hausemi nani amemwahidi nani nini. Kwa ajili ya siasa za 1967 lilitosha. Kwa ajili ya John wa Toul halitoshi.

Ng'ombe tunamkuta Rwanda. Katika ubuhake, mfumo wa huko wa bwana na mtu wake, shebuja, yaani bwana, alimpa umugaragu, mtu wake, ng'ombe na ulinzi, naye umugaragu akamtumikia. Maofisa na wasomi wa Kibelgiji walipouona waliuita "féodalité" bila kusita, na jina likawa mzigo: walipoona vasali na bwana, wakaona pia piramidi. Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta ubuhake mwaka 1954. Kwamba "fehu" na inka, ng'ombe wa Kinyarwanda, zimekutana katika jina hilo ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayonifurahisha.

Kwenye ile tamthilia niliishia kuandika "mtu wake", na pale shujaa alipopiga magoti nikaandika "Ninakuwa mtu wako." Mhariri hakugusa.

Maneno haya yaliwahi kufika kwetu kwa mashua. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa, akatishia kuuteketeza mji, na Amiri Ibrahim akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka. Wareno hawakubuni jina jipya la malipo hayo. Waliyaita "parias", neno ambalo tangu karne ya 11 wafalme Wakristo wa Hispania walilitumia kwa dhahabu waliyotozwa watawala Waislamu wa Granada na Sevilla ili waachwe kwa amani. Dhahabu ya Kilwa ilifika Lisbon, na fundi Gil Vicente akaifanya chombo cha kuwekea ekaristi, ambacho kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la sanaa la mji huo. Maandishi yake yanasema kwamba mkuu wa juu sana na "senhor" mwenye nguvu, Mfalme Manuel, aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya parias za Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Mzee, yaani, na ada ya kuachwa kwa amani. Mwaka mmoja kabla fundi hajamaliza kazi, kikosi cha Francisco de Almeida kilikuwa kimeshaupora mji, na Amiri Ibrahim alikuwa amekimbia.